DVD-R, DVD+R, RW: cha kutazama ni leza iliandika juu ya nini

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: "Fundi, ninunue ya kujumlisha au ya kutoa?" Anayeuliza huwa ameshika DVD tupu mbili, zote zimeandikwa 4.7 GB, moja ina alama ya + na nyingine ya -. Kazi yangu ni kuokoa video za harusi, kaswida, mahubiri na picha za familia kutoka kwenye diski kama hizo, mara nyingi miaka mingi baada ya kuchomwa. Kwa macho ya kazi hii, alama hizo mbili ni jambo dogo. Jambo kubwa ni tabaka lililopokea maandishi ya leza.

Tuanze na herufi R ikiwa peke yake. Ndani ya CD-R au DVD-R mna tabaka jembamba la rangi ya kikaboni. Leza ya kuandikia huipasha moto nukta ndogo ya rangi hiyo, nukta inaungua, na haiwezi kurudi ilivyokuwa. Ndiyo sababu diski ya R huandikwa mara moja tu. Kampuni ya Taiyo Yuden ya Japani ndiyo iliyotengeneza CD-R za kwanza mwaka 1988, ikitumia rangi ya sayanini. Baadaye zikaja nyingine: fitalosayanini, ambayo ni hafifu hata unaona karibu madini tupu nyuma yake, na azo yenye bluu iliyokolea. Geuza CD-R zako za zamani juani kwa sekunde chache uone rangi yake, kisha uzirudishe kivulini haraka, maana mwanga wa jua ni adui wa rangi zote hizi, na sayanini ndiyo inayoshindwa upesi zaidi. Diski iliyokaa mwaka mzima juu ya dashibodi ya gari siipi matumaini makubwa, hata kama haina mkwaruzo hata mmoja.

RW ni kitu kingine kabisa. Humo hakuna rangi ya kuungua, kuna aloi ya madini. Kwenye CD-RW huwa ni fedha, indiamu, antimoni na teluriamu. Leza ikiwa na nguvu kubwa huyeyusha nukta, nayo ikipoa ghafla inabaki bila mpangilio wa fuwele na kuonekana nyeusi zaidi kwa leza ya kusomea. Ukiipasha joto la wastani, fuwele zinajipanga upya na maandishi yanafutika. Mzunguko huo unaweza kurudiwa kama mara 1,000. Gharama yake ni mng'ao: CD-R hurudisha zaidi ya asilimia 65 ya mwanga wa leza, wakati CD-RW hurudisha takriban robo tu ya mwanga wa leza au pungufu. Ndiyo maana deki na redio nyingi za zamani zinaikataa RW ingawa diski yenyewe ni nzima. Mimi hutumia RW kwa majaribio tu. Kumbukumbu ya maziko au ya harusi sithubutu kuiweka kwenye kitu ambacho mtoto anaweza kukifuta kwa kubofya mara mbili.

Sasa + na -. Pioneer ilianza kuuza mashine za DVD-R mwaka 1997, diski zikibeba GB 3.95 kabla ya kufika 4.7, na mtindo huo ukasimamiwa na DVD Forum, muungano wa kampuni za DVD. Kundi la pili, lililokuwa na Philips, Sony na HP ndani yake, likaja na DVD+RW, kisha DVD+R mwaka 2002. Rangi za DVD-R na DVD+R ni za ukoo mmoja. Kinachotofautiana ni namna draivu inavyojua iko wapi juu ya diski tupu. Aina zote mbili zina mfereji unaozunguka kutoka katikati kwenda nje huku ukiyumba kidogo. DVD-R huongeza vishimo vidogo kati ya mifereji ili kuonyesha anwani. DVD+R huficha anwani ndani ya kuyumba kwenyewe, na kuyumba huko ni kwa kasi zaidi, kama 817 kHz dhidi ya 140 kHz. Njia ya + ni safi zaidi kiufundi, na draivu huweza kusimama na kuendelea kuandika bila kupoteza mahali. Kwa ujazo, DVD-R inazidi kwa takriban MB 7, kiasi cha wimbo mmoja wa MP3.

Jibu langu dukani basi ni hili: kama diski itachezwa kwenye deki ya zamani, chukua DVD-R. Kama unatumia kompyuta, chukua yoyote, kwani draivu zimesoma aina zote mbili kwa miaka mingi.

Afadhali uangalifu uelekezwe kwenye upande wa lebo. Watu hulinda upande unaong'aa na kuandika ovyo upande wa pili, lakini kwenye CD tabaka la data liko chini tu ya lebo, limefunikwa na vanishi nyembamba. Mkwaruzo wa chini unapita kwenye plastiki ya karibu milimita 1.2 na mara nyingi husuguliwa ukaisha. Mkwaruzo wa juu unang'oa madini yenyewe, na hapo hakuna fundi. DVD ina nafuu, kwa sababu data imebanwa katikati ya plastiki mbili za milimita 0.6. Stika ya karatasi isibandikwe kwenye yoyote: ikivuta unyevu diski hupinda.

Kuna pia diski ndogo za sentimita 8 zilizotumika kwenye kamera za video. Mteja anakuja amekata tamaa kwa kuwa kompyuta inasema diski ni tupu. Mara nyingi picha zote zimo, ila diski haikufungwa (finalize) baada ya kurekodi. Dawa ni kuirudisha kwenye kamera ileile au ya aina yake na kuifunga humo. Kompyuta ikikuuliza kama unataka kuiformati, kataa.

Kwa anayetaka kuhifadhi leo, ningeanza na BD-R, yaani Blu-ray ya kurekodia, ya GB 25 isiyo ya aina ya LTH, kwa sababu tabaka lake si la rangi ya kikaboni. LTH ndiyo iliyorudi kwenye rangi ileile ya zamani. M-DISC, diski iliyoundwa kwa kuhifadhi muda mrefu, nayo hutumia tabaka gumu lisilo la kikaboni. Kwamba hudumu miaka 1,000 ni dai la mtengenezaji, lakini ujenzi wake naukubali. Soko linafifia: Sony ilisimamisha utengenezaji wa Blu-ray za kurekodia Februari 2025. Kwa hiyo usingoje. Anza kunakili CD-R za sayanini, kisha RW, kisha zile zenye stika. Nakili kila moja sehemu mbili, na ufungue faili zote kuhakikisha zinasomeka kabla ya kuirudisha diski kabatini.