"Warundi Ndio": Sarufi ya Shutuma za Kila Siku Kigoma

Mwaka jana nilisafiri kwa basi kutoka Kasulu kwenda Tabora pamoja na shangazi yangu, mwanamke wa Kiha mwenye umri wa zaidi ya miaka 60 ambaye maisha yake yote ameyaishi mkoani Kigoma. Kwenye kizuizi kimoja ofisa aliingia kukagua, akapita viti kadhaa bila kumsemesha mtu, kisha akasimama mbele yetu na kumuuliza shangazi anatokea wapi. "Natoka Kasulu, mwanangu," alijibu. Akatakiwa arudie, akarudia. Kabla ofisa hajasema neno, abiria wa nyuma yetu alidakia: "Huyo Mrundi, msikilize anavyoongea." Watu wakacheka, na shangazi akafungua pindo la kanga yake kutoa kitambulisho cha NIDA.

Mimi ni mwanaisimu, na kazi yangu ni lugha inavyotumika katika jamii. Ofisa nilimsahau upesi, kwa kuwa kukagua ndiyo kazi yake. Nisiyeweza kumsahau ni yule abiria, ambaye hakuwa na hasira wala hakutukana, bali alijiona anatoa tu maelezo ya kitaalamu.

Kwa kipimo cha sikio, maelezo yake hayakuwa na msingi. Kiha, Kihangaza, Kishubi, Kirundi na Kinyarwanda ni lugha za kundi moja, lile ambalo mwanaisimu Malcolm Guthrie aliliorodhesha kama D60 katika uainishaji wake wa lugha za Kibantu, na Muha na Mrundi huelewana bila mkalimani. Lugha hizi zina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakoweza kubadili maana ya neno, jambo ambalo Kiswahili hakina, kwa hiyo mzungumzaji wake anapoongea Kiswahili huingia na mpando na mshuko wa sauti ya kwao, awe amezaliwa Heru Juu ya Kigoma au Makamba ya Burundi. Mpaka uliopita katikati yao uliamuliwa na Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Milner, na mwakilishi wa Ubelgiji, Orts, mwaka 1919, walipogawana iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kigoma yenyewe ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji hadi mwaka 1921. Lafudhi haikushauriwa. Mwaka 2004 kundi la wanaisimu wa nchi mbalimbali lilitoa mwongozo kuhusu matumizi ya uchambuzi wa lugha katika kesi za wakimbizi, likisisitiza kuwa lugha huonyesha mtu alikolelewa na jamii aliyochangamana nayo, na kwamba uraia si jambo la kuamuliwa kwa lugha. Huo ni uchambuzi wa wataalamu wenye rekodi na muda wa kutosha, sembuse sentensi moja iliyosikika injini ya basi ikiunguruma.

Shutuma nyingi ninazozikusanya kwenye vijiwe vya kahawa na katika vipindi vya redio vya kupiga simu hazina tusi hata moja, na kwa sababu hiyo hupita bila kugutusha mtu. Chukua sentensi "Warundi ndio wanaoleta ujambazi." Uzito wake wote umebebwa na "ndio". Katika Kiswahili, "Warundi wanaleta ujambazi" ni madai yanayoacha nafasi kwa wengine kuwa nao wamo, lakini "ndio" hufunga mlango, kwa maana kwamba ni wao na si wengine. Msemaji akiulizwa atataja tukio moja, pengine la kweli, la mtu mmoja aliyekamatwa na gobole. Hapo nawaomba wanafunzi wangu walinganishe taarifa mbili: gobole likikutwa kwa mzaliwa wa wilaya huandikwa "mkazi wa kijiji fulani akamatwa", likikutwa kwa mgeni huandikwa "Mrundi akamatwa". Wa kwanza ana kijiji, wa pili ana taifa zima mgongoni.

Lingine ni "mhamiaji haramu", ambalo vyombo vyetu vya habari hulitumia kama istilahi isiyo na upande. Tangu mwaka 1975 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitaka hati zake rasmi ziseme wafanyakazi wahamiaji wasio na hati au wasiofuata utaratibu, lakini hoja yangu ni ya Kiswahili zaidi. "Haramu" kwetu ni nyama ya nguruwe na riba, na inapoambatana na binadamu, neno la kwanza linalomjia msikilizaji ni "mwanaharamu", doa la kuzaliwa lisilofutika kwa karatasi yoyote. Bidhaa zikivushwa mpakani bila ushuru tunaziita za magendo. Aibu hiyo ni ya biashara na huisha kodi ikilipwa. Mwezi Juni 2012 zaidi ya Waethiopia 40 walikutwa wamekufa mkoani Dodoma baada ya kukosa hewa ndani ya lori, na hata wakiwa maiti waliendelea kuitwa wahamiaji haramu.

Wakati wa Operesheni Kimbunga, msako wa serikali dhidi ya wahamiaji mwaka 2013, watu waliokuwa wameishi miongo kadhaa Kagera na Kigoma walivushwa mpaka, na neno lililosikika sana lilikuwa "walowezi", neno ambalo kizazi cha baba yangu kililitumia kwa Wazungu wenye mashamba makubwa ya Kenya. Sasa anabandikwa mtu mwenye nusu ekari ya mihogo. Mwaka uliofuata, zaidi ya Warundi 160,000 waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 na kuishi katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipewa uraia wa Tanzania. Kijiweni bado wanaitwa Warundi, na wanaowaita hivyo ni pamoja na wakulima wanaowategemea vibarua kutoka ng'ambo ya mpaka kila msimu wa kupalilia.

Basi lilipoondoka pale kizuizini, abiria wa nyuma alipigiwa simu na mama yake. Alizungumza naye kwa Kiha mpaka tulipofika Uvinza, na shangazi akawa anamsikiliza kwa makini, akitikisa kichwa kila lilipotajwa jina la mgonjwa wa huko nyumbani kwao.