Aktueta ya utando wa piezo: plastiki inayojongea ikipewa umeme

Chukua ukanda wa plastiki wenye urefu wa sentimita 3, upana wa sentimita 1 na unene wa mikromita 28, yaani mwembamba kuliko unywele. Pande zake mbili zimepakwa metali nyembamba, na kila upande una waya wake. Ukiupa volti 100, hutaona chochote. Ukanda umerefuka kweli, ila ni kwa takriban mikromita 2.5 tu. Sasa chukua kanda mbili za aina hiyohiyo, zigandishe pamoja, shika ncha moja, kisha upe kila ukanda volti zilezile 100. Ncha iliyo huru itasogea karibu milimita 2, na hapo jicho linaona vizuri kabisa.

Kati ya majaribio hayo mawili ndipo ilipo siri ya kifaa hiki.

Aktueta ni jina la jumla la kitu chochote kinachopokea nishati na kutoa mjongeo. Mota ni aktueta, silinda ya haidroliki ni aktueta, na koili inayovuta chuma kwa sumaku ni aktueta pia. Tunayoizungumzia hapa haina gia, haina koili, wala kipande kinachosuguana na kingine. Plastiki yenyewe ndiyo inayojongea.

Neno “piezo” limetoka katika Kigiriki na linahusu kubana. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba fuwele fulani, kwatzi ikiwa mojawapo, zikibanwa hutoa chaji ya umeme. Mwaka uliofuata Gabriel Lippmann alionyesha kwa hesabu kwamba kinyume chake lazima kiwepo, yaani fuwele ikipewa umeme ibadilike umbo, na akina Curie wakalithibitisha hilo kwa vipimo mwaka huohuo. Aktueta hutumia tabia hii ya pili. Ya kwanza ni kazi ya vitambuzi, na utando uleule mmoja unaweza kufanya zote mbili, jambo linalowachanganya wengi wanaousoma kwa mara ya kwanza.

Kwa miongo mingi piezo ilikuwa habari ya fuwele na kauri, vitu vigumu vinavyovunjika. Mwaka 1969 Heiji Kawai wa Japani akaripoti kwamba plastiki iitwayo polivinilidini floridi, maarufu kwa kifupi PVDF, ina tabia hiyo kwa nguvu isiyotarajiwa katika plastiki. Molekuli yake ni mnyororo mrefu wa kaboni: kaboni moja imebeba haidrojeni mbili, inayofuata imebeba florini mbili, hivyo hivyo hadi mwisho. Florini ina uchoyo wa elektroni. Huzivuta kwake, upande wake ukawa hasi kidogo na upande wa haidrojeni ukawa chanya.

Hata hivyo PVDF iliyoyeyushwa na kupoa yenyewe haifai kitu kwa kazi hii, kwa sababu minyororo yake hukaa imejipinda na kila mmoja hufuta athari za jirani yake. Ndiyo maana utando huvutwa ukiwa na joto la wastani hadi urefuke mara nne hivi. Mvuto huo huinyoosha minyororo, florini zikajipanga upande mmoja na haidrojeni upande wa pili. Kisha utando huwekwa katika uga mkali wa umeme, makumi ya volti kwa kila mikromita ya unene au hata zaidi ya mia, ili minyororo ielekee upande mmoja. Uga ukiondolewa, mpangilio hubaki. Bila hatua hizi mbili una plastiki ya kawaida tu.

Utando ukishaandaliwa hivyo, ukiupa volti kwa mwelekeo uleule uliotumika kuupanga, unapungua unene na kurefuka. Ukigeuza waya, unanenepa na kufupika. Aliyezoea kauri atashangaa hapa, maana kauri ikipewa umeme kwa mwelekeo wake hunenepa.

Kiasi cha kurefuka hupatikana kwa hesabu rahisi: gawanya volti kwa unene, zidisha kwa kizio cha piezo cha utando, yaani namba inayoonyesha utando unajongea kiasi gani kwa umeme, kisha zidisha kwa urefu. Kwa PVDF kizio hicho, kwa mwelekeo ulikovutwa utando, ni takriban pikomita 23 kwa kila volti (pikomita ni sehemu ya milioni ya mikromita). Weka volti 100, mikromita 28 na sentimita 3, na utapata zile mikromita 2.5.

Kauri inayotumika sana, PZT, ina vizio vya mamia. Wengi huishia kwenye tarakimu hiyo na kuhitimisha kwamba plastiki imeshindwa. Mimi naona hukumu hiyo ni ya haraka mno. Utando wa PVDF huvumilia uga wa volti 30 hivi kwa mikromita, ilhali kauri hutumika kwa moja au mbili, kwa hiyo sehemu kubwa ya pengo huzibwa kwa kuongeza volti. Uzito wake hauzidi robo ya ule wa kauri ya ujazo huohuo, na hukunjwa bila kuvunjika. Inakoshindwa kweli ni kwenye nguvu. Plastiki hii ni laini kuliko kauri kwa mara 20 hivi, na kitu laini hakisukumi mzigo.

Turudi kwenye kanda mbili zilizogandishwa. Muundo huo huitwa baimofu. Waya huunganishwa ili ukanda mmoja urefuke wakati mwenzake anafupika, na kwa kuwa wameshikana, hawana njia ila kujikunja. Ni hila ileile ya ukanda wa metali mbili ndani ya pasi ya umeme, isipokuwa hapa kinachokunja ni volti badala ya joto. Mikromita chache za tofauti ya urefu, zikitokea kwenye kitu chembamba namna hii, hugeuka milimita kwenye ncha. Ukirefusha ukanda mara mbili, ncha husogea mara nne.

Malipo yake yako kwenye nguvu. Ncha ya baimofu yetu, ikizuiwa isisogee, husukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa miligramu 10 hivi, sawa na mbu wachache. Na ule ukanda uliorefushwa mara mbili, nguvu yake hupungua kwa nusu. Gundi nayo ina hila zake: ikiwa nene, huiba sehemu ya mjongeo. Kosa la kijinga zaidi, na ni rahisi kulifanya, ni kutozingatia mwelekeo wa kila ukanda. Zote mbili zikirefuka kwa pamoja, hakuna kinachokunjika.

Kwa hiyo kazi inayoufaa utando huu ni ile isiyohitaji msuli: kutikisa hewa, kugeuza kioo kidogo cha mwanga, kufungua na kufunga njia ya miale. Baimofu yetu ikiachwa itetemeke kwa masafa yake ya asili, takriban mara 13 kwa sekunde, volti chache huleta mjongeo mkubwa. Mwaka 1979 Minoru Toda alieleza kwa nadharia jinsi baimofu ya PVDF inavyopeperusha hewa kama feni. Katika spika, utando hupindwa na kingo zake kushikwa, hivyo unaporefuka hauna pa kwenda ila kubenuka mbele. Kampuni ya Pioneer iliutumia katika spika zake za HPM miaka ya 1970. Mwaka 1985 Bailey na Hubbard, watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani, walibandika utando wa PVDF kwenye ubao mwembamba wa metali na kuutumia kutuliza mtetemo wake.

Kuhusu umeme wenyewe, volti ni nyingi lakini mkondo ni mdogo mno. Kwa umeme, ukanda ni kapasita, yaani kihifadhi chaji, ya nanofaradi 1 hivi, na ukishachajiwa hukaa ulipo karibu bila kula nishati. Metali isifike ukingoni kabisa, la sivyo cheche zitaruka kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Usitegemee ukae mahali pamoja kwa usahihi kwa muda mrefu. Plastiki ikishikiliwa katika mkazo huendelea kunyooka polepole, na ncha uliyoiweka asubuhi hutaikuta palepale jioni. Joto nalo ni adui: kuanzia nyuzi 80 za Selsiasi minyororo huanza kupoteza mpangilio wake, na mpangilio ukishapotea, kuupoza utando hakuurudishi.