Nobel ya Elinor Ostrom na mifongo ya Kilimanjaro

Kila Oktoba, tuzo za Nobel zinapotangazwa, wanafunzi wangu hapa Moshi huniuliza ni mshindi yupi ningependa aje awafundishe. Jibu langu halibadiliki: Elinor Ostrom, aliyeshinda tuzo ya uchumi mwaka 2009 na kufariki Juni 2012. Tatizo ni kwamba wengi wakimtafuta wanakutana na sentensi moja tu, kuwa ni mwanamke wa kwanza kuipata tangu ianze kutolewa 1969.

Ni kweli, na lilistahili kushangiliwa. Angekuwa wa kwetu angepokewa uwanja wa ndege wa KIA kwa matarumbeta juu ya pikapu, msafara ukaingia mjini na honi, jioni ndafu na mbege. Wenzetu Stockholm wana utaratibu wao: tarehe 10 Desemba, siku aliyofariki Alfred Nobel mwaka 1896, mfalme anakabidhi medali, kisha watu wanaenda kwenye karamu ya zaidi ya wageni elfu moja katika ukumbi wa jiji. (Tuzo ya uchumi haimo kwenye wosia wa Nobel. Ilianzishwa na Benki Kuu ya Sweden mwaka 1968 kwa kumbukumbu yake, na wapo wanaoibeza mpaka leo kwa sababu hiyo.) Mwaka ule krona milioni 10 ziligawanywa nusu kwa nusu kati yake na mchumi mwenzake wa tuzo hiyo, Oliver Williamson. Fungu lake Ostrom alilipeleka chuoni kwake, Indiana.

Katikati ya shangwe hizo wachumi wengi walikuwa wanaulizana huyu mama ni nani. Siwalaumu sana, maana alikuwa mtu wa sayansi ya siasa. Tasnifu yake ya 1965 ilihusu visima vya eneo la Los Angeles: kila mtu anavuta maji ya ardhini, maji ya bahari yanapenya kuja kujaza nafasi, na wenye visima wanalazimika kukaa chini na kukubaliana. Miaka mitatu baadaye mwanabiolojia Garrett Hardin akaandika makala yake maarufu kuhusu malisho ya wote: kila mfugaji anaongeza ng'ombe mmoja zaidi, mwisho majani yanakwisha. Waliomsoma wakaona njia ni mbili, serikali ishike au kila mtu apewe kipande chake. Ostrom alifanya kazi ya kuchosha. Alikusanya habari za watu wanaotumia mali ya pamoja kwa karne nyingi bila kuimaliza, kama malisho ya Törbel huko Uswisi na mifereji ya Valencia, Hispania, akazipanga pamoja na habari za walioshindwa, akauliza tofauti iko wapi.

Sasa njoo Kilimanjaro. Mfongo, yaani mfereji wa jadi wa Wachagga wa kumwagilia, unaanzia juu kwenye banio, mara nyingi mawe, udongo na migomba iliyolazwa mtoni, halafu maji yanatembea mgongoni mwa mlima kufuata mwinuko mpaka kwenye vihamba, mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa. Kuna mwenyekiti na kamati, kuna siku ya kusafisha ambayo asiyefika anatozwa, na kuna zamu. Hapo kwenye zamu ndipo palipo utamu. Wewe umepewa asubuhi, mimi mchana. Kabla muda wako haujaisha nimeshafika na jembe langu begani, nakusalimia, nasimama. Hakuna aliyeniajiri kukulinda, ila ukizidisha dakika kumi ni maji yangu unayoyala. Na wewe hapo hapo unahakikisha sikuyafungua mapema. Ostrom aliliona jambo hili hili kwenye mifereji ya Hispania: kanuni nzuri ya zamu inazaa ulinzi wenyewe, karibu bure. Hata adhabu zinafuata ngazi alizozieleza. Kosa la kwanza unasemwa, la pili unalipa faini, ukizoea unanyimwa maji.

Wanaomsifia tu huishia hapa, wakisema basi wanakijiji waachiwe kila kitu. Hakusema hivyo, na ushahidi uko chini ya mji wetu. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulikamilika 1987 kwa msaada wa Japani, mifereji ya zege, mashamba yamenyooshwa, na mpunga wa Chekereni na Mabogini ukatoka vizuri mno. Wakulima wa juu wakaona faida, wakaanza kulima mpunga na wao, wakayachukua maji ya mto Rau kabla hayajafika kwenye mradi. Baadhi ya mashamba yaliyojengewa mifereji yakabaki bila maji ya kutosha. Zege halikuwa na kosa. Watu wa juu na wa chini hawakuwa na meza moja ya kukalia, na aliyepanga zamu ndani ya mradi hakuwa na neno kwa aliye nje yake. Ostrom alikuta hali inayofanana na hiyo Nepal, ambako mifereji iliyojengwa na wakulima wenyewe mara nyingi iliwafikishia maji watu wa mwisho wa mfereji vizuri zaidi kuliko ile ya wahandisi.

Mwaka ule ule wa tuzo, 2009, Tanzania ilitunga Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, inayozitambua jumuiya za watumia maji. Hatua nzuri, naiunga mkono. Ninachogombana nacho darasani ni kibali cha kutumia maji. Kibali kinataja ujazo, lita kadhaa kwa sekunde, wakati mfongo unagawa muda. Kiangazi mto ukipungua nusu, zamu inabaki zamu na kila mmoja anapata pungufu sawasawa. Mwenye kibali cha lita anaendelea kudai lita zake zote, na akiwa juu ya mto anazipata.