Je, Wajua Kwa Nini Tamthilia za Migahawa Hutudondosha Mate kwa Chakula Tusichoweza Kukionja?

Tamthilia inayoshindanisha migahawa miwili ya kifahari ina shida ambayo tamthilia ya polisi au ya mapenzi haina. Kila kitu ndani yake huamuliwa na ladha, na ladha haipiti kwenye kioo cha televisheni. Mtazamaji hanusi, haonji, wala hahisi joto la sahani. Hata hivyo watu hudondokwa na mate, hunyanyuka kwenda kufungua friji katikati ya kipindi, na hubishana kwa ukali ni mgahawa upi uliopika vizuri zaidi, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyeonja. Hali hiyo ina sababu, na nyingi kati ya hizo hutengenezwa kwa mikono kabla kamera haijawashwa.

Tuanze na mate yenyewe. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku, na tezi zake hazisubiri chakula kifike mdomoni. Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya umeng'enyaji wa chakula, alionyesha kwa kutumia mbwa kwamba kukiona chakula tu kunatosha kuliamsha tumbo. Ubongo hupeleka amri kupitia neva ya vagasi, na tumbo huanza kumwaga asidi kabla tonge halijamezwa. Mwaka 2012 watafiti wa Taasisi ya Max Planck mjini Munich waliwaonyesha wanaume wenye afya njema picha za vyakula, kisha wakawapima damu. Kiwango cha ghrelini, homoni inayochochea njaa, kilipanda. Hizo zilikuwa picha zilizotulia, bila sauti wala mwendo. Tamthilia ina vyote viwili.

Ila si kila picha ya chakula huleta njaa. Piga picha ya nyama nzuri kwa taa inayotoka upande wa kamera, na utapata kitu bapa chenye rangi ya udongo. Wapiga picha wa chakula huiweka taa kuu nyuma ya sahani, pembeni kidogo, ili mwanga uje kuelekea kamera ukiteleza juu ya chakula. Mwanga wa namna hiyo hufanya mambo mawili: hung'arisha kila penye mafuta au sosi, na huufanya mvuke uonekane. Mvuke ni matone madogo mno ya maji, na huonekana vizuri pale tu mwanga unapotoka nyuma yake na ukuta wa nyuma ukiwa na giza. Ndiyo maana kumbi nyingi za tamthilia hizi zina kuta nyeusi au za kahawia iliyokolea. Ukiweka ukuta mweupe, hata supu inayochemka huonekana imepoa.

Kisha kuna sauti, na hapa ndipo penye utamu zaidi. Sauti ya nyama ikigusa kikaango mara nyingi huwa haikurekodiwa pamoja na picha. Hurekodiwa baadaye, maikrofoni ikiwa karibu kabisa na sufuria, kwa sababu jiko la kupigia picha lina kelele za feni, taa na nyayo za watu. Mchakarisho huo wa mafuta ni maji. Matone yaliyo juu ya nyama yakikutana na chuma cha moto hugeuka mvuke ghafla, na gramu moja ya maji ikiwa mvuke huchukua nafasi ya takriban lita 1.7. Maelfu ya milipuko midogo kama hiyo ndiyo sauti tunayoisikia. Maji hayo hayo ndiyo adui wa rangi: maadamu uso wa nyama una unyevu, joto lake halipandi sana kupita nyuzi 100, na ile rangi ya kahawia aliyoielezea Mfaransa Louis Camille Maillard mwaka 1912 huhitaji takriban nyuzi 140. Kwa hiyo kikaango kinachochakarisha kwa nguvu kisha kikaanza kutoa sauti ya kuchemka taratibu kimejaa maji, na nyama inatokota badala ya kukaangika. Mtazamaji anayejua hilo anaweza kufumba macho na bado akatambua ni mpishi gani aliyekosea.

Nguvu ya sauti si dhana tu. Mwaka 2004 Massimiliano Zampini na Charles Spence wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwapa watu vibanzi vya viazi vya pakiti huku wakiwasikilizisha, kwa vipokea sauti vya masikioni, sauti ya kutafuna kwao wenyewe. Walipoiongeza sauti hiyo, hasa ya masafa ya juu, walaji walisema kibanzi ni kikavu na kipya zaidi. Vibanzi vilikuwa vya aina ile ile. Kama sikio linaweza kumdanganya mtu mwenye chakula mdomoni, kwa anayetazama tu linakuwa karibu ndilo ulimi wake.

Tukija kwenye sahani yenyewe, tofauti kati ya tangazo la biashara na tamthilia ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwenye tangazo, aiskrimu inaweza kuwa viazi vilivyopondwa, maana hakuna atakayeila. Kwenye tamthilia mwigizaji lazima atafune na kumeza mbele ya kamera, kwa hiyo chakula lazima kiwe cha kweli na salama. Na kinahitajika kingi. Chukua tukio moja lenye waonjaji wawili, kamera ikiwekwa pembe 4, kila pembe ikirudiwa mara 5. Hizo ni sahani 40, na zote lazima zifanane hadi jani la mwisho, kwa sababu mhariri ataunganisha kipande cha marudio ya kwanza na kipande cha marudio ya kumi na nane. Waigizaji wazoefu hukata vipande vidogo na kutema kwenye ndoo pindi mwongozaji anaposema kata. Pembeni kuna mtu ambaye kazi yake ni kuandika uma ulikuwa mkono gani na tonge lilipanda kwenye neno gani la mazungumzo. Akikosea, glasi hujaa yenyewe na samaki aliyekwisha kuliwa hurudi mzima. Watazamaji huyaona makosa hayo na huyakumbuka kwa miaka.

Nyama ya kukatwa mbele ya kamera hupikwa kwanza ndani ya mfuko kwenye maji ya nyuzi 54 kwa saa moja au mbili, kisha hupitishwa kwenye kikaango cha moto mkali kwa sekunde chache kila upande. Hivyo inakuwa ya waridi kutoka ukingo hadi ukingo. Hukatwa wakati kamera iko tayari, si kabla, kwa sababu ikikaa hewani rangi ya ndani hubadilika na kipande cha kwanza hakitalingana na cha tatu. Mboga za majani hupakwa mafuta kidogo kwa brashi, maana hunyauka upesi chini ya taa. Sosi humwagwa mwisho kabisa, kwani ikipoa huota ngozi juu.

Mtihani mkubwa ni sufle, chakula laini cha mayai kinachoumuka kwenye oveni, na waandishi wa tamthilia hawaachi kuiandika. Sufle huinuka kwa sababu hewa iliyopigwa ndani ya ute wa yai hupanuka kwa joto na maji hugeuka mvuke. Ikitoka kwenye oveni hewa hupoa, mvuke hurudi kuwa maji, na ndani ya dakika mbili au tatu kilele kimeshuka. Hakuna mpishi anayeweza kulizuia hilo. Namna ya kupiga picha ni kuoka kwa zamu: vikombe vidogo kwenye oveni ya nyuzi 190, kila kimoja kikihitaji takriban dakika 12, lakini kinaingizwa kipya kila baada ya dakika 4. Mwongozaji anapata sufle mpya iliyoiva kila dakika 4, na oveni inakuwa hatua chache kutoka mezani. Ukiona kwenye tamthilia mhudumu akitembea na sufle ukumbi mzima, akasimama kusalimiana, kisha akaiweka mezani ikiwa bado imesimama wima, basi kuna kata mbili katikati.

Vyote hivyo bado havijawa ladha. Kinachoikamilisha ni uso wa mwonjaji. Mwaka 2003 Bruno Wicker na wenzake walichunguza ubongo wa watu waliokuwa wakinusa harufu mbaya, halafu wakitazama video za watu wengine wakikunja uso kwa kuchukizwa na harufu. Sehemu ya ubongo iitwayo insula iliamka katika hali zote mbili. Kwa maneno mengine, uso uliochukizwa huigusa sehemu ile ile inayoguswa na uvundo wenyewe. Ndiyo sababu kamera huliacha tonge na kumkazia macho mlaji: taya linasimama, mboni zinatulia, pumzi inashuka. Mwigizaji akifanya haraka mno, au akianza kusifu kabla hajameza, watazamaji husema chakula hakikuwa kitamu. Wamehukumu sahani kwa shingo ya mtu, na kwa kweli hawana kingine cha kuhukumia.

Na ushabiki je? Hapa kazi ya Henri Tajfel wa Chuo Kikuu cha Bristol, iliyochapishwa mwaka 1970, inasaidia sana. Aliwagawa wavulana makundi mawili kwa kisingizio chepesi kabisa, kama vile nani alipendelea michoro ya mchoraji Klee na nani ya mchoraji Kandinsky, kisha akawataka wagawe fedha. Walipendelea kundi lao, na wengi walikuwa tayari kundi lao lipate kidogo ilimradi pengo kati yao na wale wengine liwe kubwa. Mtazamaji aliyekaa vipindi vitatu na mgahawa mmoja ana sababu nzito kuliko Klee. Sosi ya wapinzani ikikatika, yaani ikiharibika isishikane, hushangilia, ingawa mgahawa wake haukufaidika chochote.

Kuhusu sosi hiyo, wapishi wa kweli hukereka, na wana haki. Sosi ya viini vya mayai na siagi, tuseme viini 3 kwa gramu 200 za siagi iliyoyeyushwa, hukatika kwa njia mbili tofauti. Siagi ikimiminwa haraka, mafuta hujitenga na sosi huonekana kama mchuzi wenye chembe. Hiyo huokolewa ndani ya dakika mbili: bakuli safi, kiini kipya, kijiko cha maji vuguvugu, halafu unapiga huku ukirudishia ile iliyokatika kidogo kidogo. Joto likipita nyuzi 70 au karibu na hapo, viini huiva na kuganda, na hiyo haiokoleki. Tamthilia nyingi huonyesha kosa la kwanza na kilio cha la pili. Mpishi anamwaga yote, analia, usiku umeharibika, na kila mpishi aliye kwenye kochi anapiga kelele kwamba alihitaji yai moja tu.

Wakaguzi nao hutatizwa. Mwongozo wa Michelin, kitabu kinachopima migahawa na kuipa nyota, ulioanza mwaka 1900, ukaanza kutoa nyota mwaka 1926 na kuzipanga kwa ngazi tatu mwaka 1931, hutuma wakaguzi wasiojitambulisha wanaolipa bili yao wenyewe. Moja ya vigezo vyake vitano ni uthabiti, sahani iwe nzuri leo na nzuri mwezi ujao, na uamuzi hufanywa kwa pamoja. Nyota ni ya mgahawa, si ya mpishi, wala haipatikani kwa tonge moja. Tonge moja ni lugha ya tamthilia.

Lakini kuna kitu tamthilia nzuri hukipatia barabara, nacho ni saa. Meza ya watu wanne imeagiza bata, samaki, wali wa risoto na mboga. Bata huhitaji dakika 12 motoni na 8 za kupumzishwa, risoto 18, samaki 6, mboga 3. Vyote lazima vifike kaunta ya kutolea kwa wakati mmoja, kwa hiyo jiko huhesabu kinyumenyume: bata kwenye dakika ya 0, risoto ya 2, samaki ya 14, mboga ya 17. Samaki akiungua, bata anapoa, risoto inashikana, na meza tatu zilizo nyuma zinasukumwa. Watengenezaji wanaoturuhusu tuijue ratiba hiyo kabla samaki hajaungua ndio wanaotufanya tushike mioyo. Wanaoficha ratiba hubaki na watu wanaofokeana tu.

Ukitaka kujua kama waigizaji walifunzwa jikoni, usiangalie kisu. Mikono ya karibu inayokatakata kwa kasi mara nyingi ni ya mpishi wa kweli aliyevalishwa mikono ile ile ya koti. Angalia vijiko vya kuonjea. Jikoni huwa na mikebe miwili, mmoja wa vijiko safi na mwingine wa vilivyotumika, na kijiko kilichoingia mdomoni hakirudi tena kwenye sufuria.