Injini ya gari hewani: si bloku (mwili wa injini) inayoua

Watu wengi wanaamini kwamba ukiifunga injini ya gari kwenye ndege uliyojiundia, itapasuka kwa sababu "haikutengenezwa kuruka". Lakini mwaka 1929, huko Minnesota, Marekani, Bernard Pietenpol alirusha ndege yake ya mbao kwa injini ya Ford Model A, yenye nguvu farasi 40 hivi. Muundo huo bado unaundwa na watu majumbani hadi leo. Injini za Volkswagen Beetle nazo zimerusha ndege ndogo nyingi.

Shida kubwa iko pembeni mwa injini. Ford ile ilizunguka polepole, kwa hiyo pangaboi lilifungwa moja kwa moja. Injini ya gari la kisasa hutoa nguvu yake kwenye mizunguko 5,000 au zaidi kwa dakika, ilhali pangaboi la ndege ndogo halitakiwi kupita 2,700 hivi, la sivyo ncha zake hukaribia kasi ya sauti na kupiga kelele bure. Lazima uweke giaboksi ya kupunguza mwendo, na hapo ndipo mtetemo wa shafti kujisokota huweza kuvunja meno ya gia.

Kuna rejeta pia: barabarani injini hujikaza kwa muda mfupi, angani hufanya kazi kwa asilimia 70 hivi ya nguvu yake saa nzima, kwa hiyo rejeta lazima ipoze joto jingi bila kupumzika. Mafuta, nyaya na umeme wa plagi ndivyo huzima ndege; pistoni mara nyingi hukutwa nzima kabisa.