Bakteria wa joto kali wanaopumua salfa: maana yake nini?

Ni viumbe wa seli moja wanaostawi kwenye joto kali, hasa katika chemchemi za maji moto na matundu ya volkano, ambao huitumia salfa pale ambapo sisi tunatumia oksijeni. Mapafu hawana, wala hawavuti pumzi.

Kupumua kunakozungumziwa hapa ni habari ya elektroni, zile chembe ndogo mno zenye chaji hasi. Kiumbe anapovunjavunja chakula, elektroni hutoka humo, hupita kwenye utando wa seli huku zikiipa seli nishati, kisha lazima zipate pa kutua. Kwetu hutua kwenye oksijeni, yakapatikana maji. Kwao hutua kwenye salfa, ikapatikana haidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka kama yai viza.

Nishati ya njia hii ni haba. Lakini maji kadiri yanavyochemka ndivyo yanavyopoteza oksijeni, ilhali salfa imetapakaa kotekote, imeganda kwa rangi ya njano kwenye kingo za matundu. Kikwazo ni kwamba salfa haiyeyuki majini. Sasa seli itaitumiaje? Hapa ndipo pananifurahisha: ikiwa maji hayana asidi kali, haidrojeni salfaidi huungana na salfa na kufanya polisalfaidi, yaani minyororo ya salfa, ambazo huyeyuka vizuri. Yaani taka zao wenyewe huwarahisishia kazi.

Mfano halisi ni Desulfurella acetivorans, aliyepatikana kwenye eneo la volkano la Uzon, Kamchatka, nchini Urusi, na kuelezwa kisayansi mwaka 1990. Hupendelea nyuzi joto 52 hadi 57 za Selsiasi, na chakula chake ni asetati, chumvi ya asidi iliyomo kwenye siki, ambayo huigeuza kuwa kaboni dioksidi.

Huyo ni wa joto la wastani. Pyrodictium, ambaye mwanabiolojia Mjerumani Karl Stetter alimtoa chini ya bahari kando ya kisiwa cha Vulcano, Italia, hustawi zaidi kwenye nyuzi 105. Lakini kwa usahihi huyu si bakteria; ni akea, tawi la uhai ambalo wanasayansi Carl Woese na George Fox walilitenga mwaka 1977. Wanaostahimili joto la kuchemka wengi wao ni akea, ingawa watu huwaita bakteria wote kwa mazoea.

Wasichanganywe pia na Sulfolobus, akea wa chemchemi za moto za hifadhi ya Yellowstone, Marekani. Huyo anaweza kuifanya salfa chakula: huiunguza kwa oksijeni na kutoa asidi ya salfuriki.