Voteksi chapati: kinachoidhoofisha supakondakta ya matabaka ndani ya sumaku

Chukua supakondakta mbili, yaani vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani vikipozwa vya kutosha. Ya bismathi, Bi-2223, huanza kazi hiyo ikipozwa hadi kelvini 110 (nyuzi −163 hivi za selsiasi). Ya itriamu, YBCO, husubiri hadi 92 hivi. Ungedhani ya kwanza ndiyo bora. Basi zitumbukize zote mbili katika naitrojeni kimiminika, kelvini 77, uzielekezee uga wa sumaku wa tesla moja unaokatiza matabaka yake wima. Bi-2223 inashindwa kubeba mkondo bila hasara. YBCO nzuri inaendelea na kazi.

Kisa ni jinsi sumaku inavyopenya. Uga ukizidi kiwango fulani haufukuzwi wote, bali huingia kwa nyuzi nyembamba ziitwazo voteksi, kama alivyotabiri mwanafizikia Alexei Abrikosov mwaka 1957. Kila uzi umezungukwa na mkondo wake wa umeme, na zote hubeba kiasi kilekile cha sumaku: weba 2.07 × 10⁻¹⁵. Kwenye tesla moja, uzi na jirani yake hutengana kwa nanomita 49 hivi.

Ndani ya aloi ya niobi na titani, supakondakta isiyo ya matabaka, uzi huo ni mzima. Kwenye supakondakta za matabaka, umeme usio na ukinzani hukaa hasa katika matabaka ya shaba na oksijeni. Yaliyo katikati huchangia kidogo mno. Kwa hiyo uzi hukatikakatika ukawa visahani, kimoja kwa kila tabaka, vikiwa vimepangana kama chapati. Wanafizikia huziita hivyo hasa: voteksi chapati.

Kinachoviunganisha visahani hivyo katika bismathi ni kidogo sana. Joto la kelvini 77 tu linatosha kuvitikisa, na mkondo ukipita unavisukuma. Kisahani kikiteleza huzaa volteji, na volteji maana yake ukinzani umerudi, ingawa kitu chenyewe bado ni supakondakta! Katika YBCO matabaka yamekaribiana zaidi, visahani vinashikana, na watengenezaji huongeza chembe ndogo za bariamu zikoneti ili kuzibana voteksi zisihame.

Bismathi nayo haijatupwa. Ikishushwa hadi kelvini 4.2, ndani ya heli kimiminika, joto halina tena nguvu ya kuvitikisa visahani, na nyaya za ndugu yake, Bi-2212, hubeba mkondo mkubwa hata kwenye uga unaozidi tesla 20.